Nyimbo za mashabiki wa gemu siyo utoto, acheni dharau!

Wadau, kuna mchambuzi mmoja wa gemu, jina silitaji, mwenyewe anajijua. Anadai nyimbo wanazotunga mashabiki wa Fallout ni utoto, eti gemu lina muziki wake tayari. Jamani, huyu kacheza kweli au kaangalia video tu?

Fallout 3 ya mwaka 2008 inakupeleka Washington ya 2277, miaka 200 baada ya mabomu ya nyuklia. Unawasha redio, unakutana na The Ink Spots, wimbo wa mapenzi wa 1941. Mtamu, sikatai. Ila waliouimba hawajui mionzi, hawajui kuzika ndugu kwenye vifusi.

Sasa aliyebaki hai aimbiwe na nani? Shabiki ndo anaziba hilo pengo. Gavin Dunne wa Ayalandi, anayejiita Miracle of Sound, ana nyimbo kibao za magemu, za Fallout zikiwemo, na muziki ndo kazi yake. Utoto huo?

Mbovu zipo, sibishi. Kwani albamu za mastaa hamrukagi nyimbo?

Kaka, sikiliza kwanza, ndo uponde. Wadau mnasemaje? Tupieni maoni hapo chini.