Arubuni Si Mali ya Kupotea

Jina la Kilombero linajulikana sana visiwani kwa ajili ya mchele na sukari. Ifakara, mji mkubwa wa bonde hilo, umo katika njia ya reli ya TAZARA, na tangu daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, anayekwenda Ulanga hangoji tena kivuko. Basi si ajabu mtu wa Unguja au Pemba mwenye biashara zake huko akataka kununua nyumba. Yeye ni raia wa Tanzania, na haki hiyo anayo.

Lakini anayenunua nyumba mbali na kwao hutanguliza arubuni, ili muuzaji asimpe mwingine. Hapo ndipo matata yanapoanzia. Mauzo yakivunjika, mnunuzi hudai fedha yake, naye muuzaji hujibu kwamba arubuni hairudi. Jibu hilo limezoeleka mno hata likadhaniwa kuwa ndiyo sheria. Sisi tunasema kwamba sivyo.

Hatuna budi kuzipambanua sababu. Kwanza, yapo mauzo yanayovunjika kwa kosa la muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Mume akipokea arubuni kwa siri, kisha mkewe akakataa, mnunuzi ana kosa gani?

Pili, yapo mauzo yasiyoweza kusimama. Ardhi ya kijiji haihamishwi kwa mtu wa nje bila ya kibali cha halmashauri ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaeleza wazi kwamba mkataba ukibatilika, aliyepata faida kwa mkataba huo anapaswa kuirudisha au kuilipia fidia.

Tatu, yuko mnunuzi anayeghairi mwenyewe. Hapa muuzaji naye ana haki yake, maana huenda amewarudisha wanunuzi wengine. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inasema kwamba mkataba ukivunjwa, hata kama umetaja kiasi cha adhabu, anayedai hupewa fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Na wengi wa wasomaji wetu wanafahamu kwamba wanachuoni wa madhehebu ya Shafi hawakubali muuzaji aile arubuni bure, ijapokuwa wale wa Hanbali wameruhusu.

Ikiwa haki ipo, kwa nini watu wanaipoteza? Ni kwa sababu ya karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mikataba ya ardhi iwe kwa maandishi, lakini hati nyingi za arubuni hutaja fedha na majina tu, wala hazisemi mauzo yakivunjika itakuwaje. Mnunuzi wa kutoka visiwani hulazimika kuvuka bahari na kusafiri hadi bondeni kudai chake. Akifika kwenye baraza la kata, hukuta kwamba tangu mwaka 2021 kazi ya baraza hilo ni kupatanisha, si kuhukumu. Nauli na siku humchosha, naye huacha. Muuzaji mjanja anayajua hayo yote.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa Serikali, hasa wa Halmashauri ya Mji wa Ifakara na za jirani zake, waweke katika kila ofisi ya mtaa na kijiji fomu moja ya arubuni. Fomu hiyo itaje mwenye mali, ridhaa ya mume au mke, kibali cha kijiji panapohusika, kiasi kilichotolewa, sababu za kurudishwa, na siku ya mwisho ya kurudishwa. Gharama yake ni ndogo, na faida yake ni kubwa kwa pande zote mbili.

Nao wananchi wa visiwani wasitoe hata senti moja kabla ya kuyaona hayo yameandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Wazee wetu walikwisha kutuusia: mali bila daftari hupotea bila habari.