Kufundisha Barua Pepe kwa Ajili ya Shule Zenye Mtandao Dhaifu

Katika vyuo vyetu vya ualimu somo la barua pepe hufundishwa aghalabu kwa namna moja tu. Mwanachuo huketi mbele ya kompyuta, hufungua kivinjari, huandika neno lake la siri, kisha husubiri. Chuoni penye mtandao wa kasi namna hiyo yatosha. Lakini baadhi ya wanachuo hawa watapangiwa shule ambako mawimbi ya simu hupatikana chini ya mwembe mmoja, tena alfajiri. Huko, mwalimu asiyepata waraka kwa wakati huhesabiwa kuwa mzembe, wala hakuna amwulizaye habari za mnara. Ni maoni yangu kwamba njia hii ya kufundisha haiwafai, na kwamba wakufunzi hatuna budi kuibadili.

Tuchunguze kwanza asili ya ucheleweshaji wenyewe. Mtu asomaye barua pepe kwa kivinjari kwa kawaida hana barua yoyote mkononi. Barua zimo katika seva iliyo mbali, na aifunguapo barua, hata ile aliyoisoma jana, mara nyingi huagizwa upya. Tena haiji peke yake, bali huja na ukurasa mzima wenye vitufe na picha, na kila kipande chaweza kuhitaji safari yake ya kuombwa na kujibiwa. Mtandao unapokuwa dhaifu, wingi wa safari hizo ndio uchoshao kuliko ukubwa wa barua. Ni kama mwalimu aendaye posta ya wilayani, akaisoma barua yake dirishani na kuiacha palepale, kisha kesho akapanda basi tena kwa kuwa amesahau tarehe ya semina.

Dawa ya jambo hili ni kongwe kuliko kivinjari chenyewe. Itifaki ya POP ilitolewa mwaka 1984, na ile ya IMAP ilibuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Kwa desturi POP huzichukua barua na kuziondoa kwenye seva. IMAP huziacha huko, na programu iliyomo katika kompyuta ya msomaji huweza kuweka nakala zake kwenye diski. Thunderbird, programu itolewayo bure, hufanya kazi hiyo vizuri. Mwalimu apatapo mawimbi kwa dakika kumi, programu huleta barua mpya tu na kupeleka zile alizoziandika usiku. Baada ya hapo husoma, hutafuta na kujibu bila mtandao wowote. Aweza pia kuiagiza ihifadhi barua za siku 30 tu, au isishushe barua kubwa kupita kiasi fulani. Agizo hili la pili lina manufaa makubwa kwa mwenye bando dogo, kwa maana viambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafirishwa, na ukubwa wake huongezeka kwa theluthi moja: picha ya megabaiti 3 husafiri kama megabaiti 4. (Wenye desturi ya kupiga picha waraka wa ukurasa mmoja na kuutuma kwa shule zote wangefanya hisani kuuandika ndani ya barua.)

Somo hili lisianzie kwenye kompyuta. Mkufunzi aweke barua kumi katika sanduku mwisho wa uwanja. Kundi la kwanza lisome hapohapo sandukuni na kurudi darasani kujibu kila swali; kundi la pili linakili barua zote mara moja. Kwa swali la tano hakuna atakayehitaji maelezo. Kisha waingie chumba cha kompyuta, programu ichukue barua, na mkufunzi achomoe waya wa mtandao. Hapo ndipo awaambie watafute ratiba ya mazoezi ya kufundisha.

Wako wasemao kwamba tusubiri, mtandao bora uko njiani. Huenda ukafika; lakini darasa la mwaka huu halitausubiri. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usalama. Kompyuta ya ofisi ya mwalimu mkuu hutumiwa na wengi, na nakala zikiwekwa humo, majina na matatizo ya watoto yaweza kusomwa na yeyote aketiye pale. Kwa hiyo kila mtumiaji awe na akaunti yake yenye neno la siri, au nakala zisiwekwe kabisa katika kompyuta hiyo. Aidha, wanachuo waelezwe wazi kwamba kwa IMAP barua ifutwayo kwenye diski hufutwa na kwenye seva mtandao urudipo. Nakala hizi ni za kuharakisha kazi, si hazina ya kukinga upotevu.

Uchukuaji wa kwanza ndio mrefu na ndio ulao bando, kwani huleta barua zote zilizoagizwa. Basi ufanyike chuoni, juma moja kabla ya wanachuo kuondoka kwenda mazoezini, mkufunzi akiwapo ili kumsaidia atakayekwama.