Baada ya Matanga, Nyumba ni ya Nani?

Mwezi uliopita tulikuwa Korogwe, tukaketi na akina mama chini ya mwembe baada ya ibada. Mmoja wao alikuwa ametoka Handeni kwa basi la alfajiri. Mumewe alikuwa mkata mkonge. Aliugua kwa muda mrefu, akafariki, na majirani wakanong'ona kwamba ni UKIMWI. Siku ya kuanua matanga, masufuria ya wali yakiwa hayajaoshwa, mdogo wa marehemu alimwambia, "Shemeji, nyumba hii ni ya ukoo. Wewe ndiye uliyetuulia ndugu yetu. Rudi kwenu." Kesho yake waling'oa mabati.

Mama mwenzetu, usidhani hayo ni ya zamani. UKIMWI ulijulikana nchini kwetu mwaka 1983, mkoani Kagera, na tangu hapo wajane wengi wametupiwa maneno hayo hayo. Korona nayo ilipoingia Machi 2020, katika baadhi ya misiba tuliyasikia tena.

Lawama si sheria. Hakuna sheria inayosema kwamba mke aliyeuguza, au aliyeambukizwa, amepoteza haki yake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya virusi, na mhudumu wa afya hana ruhusa ya kutangaza majibu ya mgonjwa. Sheria hiyo hiyo inamtaka aliyekutwa na virusi amweleze mwenzi wake. Tuseme kweli, hapo wengi tumeshindwa, waume kwa wake.

Yule mama aliambiwa pia kwamba akitaka kubaki, akubali kurithiwa na shemeji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi apendapo, kukaa bila mume, au kuolewa na mwanamume amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Na shamba je? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi.

Basi afanye nini? Kwanza cheti cha kifo. Hiki kifuatwe mapema, kwa maana bila hicho kila mlango utafungwa. Ukitoka hospitali na kibali cha mazishi, usikiache mikononi mwa mtu, kitunze. Cheti cha ndoa kikipotea, kitabu cha ndoa cha kanisa kinaweza kusaidia. Wale walioishi na mume bila kufunga ndoa, hatuwasifu, lakini wajue kwamba waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kutambuliwa kuwa mume na mke, sheria inawadhania kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Halafu mahakamani kuomba msimamizi wa mirathi. Mahakama itauliza muhtasari wa kikao cha ukoo, nao ndugu hujiona wamemaliza kazi hapo. Sivyo. Kikao kinapendekeza tu. Anayeteua ni mahakama. Mjane mwenyewe anaweza kuomba usimamizi, na akiona aliyependekezwa ni mla mali, aweke pingamizi. Msimamizi naye si mrithi wa kila kitu. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne.

Hapa pana mtego, nasi tunaomba msome taratibu. Kanuni za urithi za kimila za mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atunzwe na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua wanawake, lakini haikuzifuta. Kwa Mkristo iko sheria nyingine, ya mwaka 1865, iliyotoka India wakati wa Waingereza: mke hupata theluthi moja, watoto theluthi mbili. Ipi itumike? Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi. Ndiyo maana cheti cha ubatizo, cha ndoa, na ushahidi wa mchungaji si makaratasi ya bure. Wosia ungepunguza ugomvi mwingi, lakini waume zetu wakisikia neno hilo hudhani tunawaombea kifo.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na msaada wao ni bure. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani.

Mama wa Handeni sasa ana cheti cha kifo, na ombi lake liko mahakamani. Amefuatilia pia mafao ya mumewe NSSF, ambayo shemeji hakujua kama yapo. Analala jikoni na watoto watatu, chini ya turubai. Mabati hayajarudi.