Winga siyo mwenye duka

Kila Mashujaa wanapocheza Lake Tanganyika, jukwaani halikosekani zogo: huyu winga gani, mbona hafungi? Jamani, tuelewane. Neno lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, maana yake bawa, hilo hilo la ndege inayotua Kigoma. Bawa halina kiti cha abiria, lakini bila bawa hakuna atakayefika Dar. Kariakoo nao wamelichukua: winga ni kijana anayekudaka barabarani akupeleke dukani. Duka si lake, yeye anaambulia cha juu.

Sasa wa uwanjani naye apimwe hivyo. Krosi ngapi zimefika? Beki gani kavutwa pembeni mpaka katikati pakabaki wazi? Mabao akifunga, hiyo nyongeza.

Fainali ya Kombe la Shirikisho, Julai 25, 2021, Simba na Yanga zilimalizana hapa hapa Kigoma. Simba 1-0, bao la kichwa la Taddeo Lwanga. Mpaka leo ukiuliza Ujiji au Mwanga utatajiwa Lwanga tu. Kona ile aliipiga Luis Miquissone, winga. Afadhali yule wa Kariakoo, cha juu chake anapewa.