Sauti za Baba na Kisanduku cha Diski



Mwezi uliopita tulikuwa wageni Boito, katika kaunti ya Bomet, kwa binti mmoja tuliyemsomesha chuoni Mombasa tangu alifu mpaka akahitimu, na ambaye ndoa imemfikisha kwenye nchi ya majani chai. Aijuaye Pwani peke yake hawezi kuikisia nchi ile. Asubuhi ni ukungu, adhuhuri jua dogo, na ikikaribia alasiri mawingu hukusanyika, radi zikanguruma, na mvua ikashuka, pengine ya mawe, ambayo huchanachana machipukizi ya chai na kumwacha mkulima ameshika tama. Tulilalia blanketi mbili, nasi si watu wa blanketi hata moja.

Baada ya chakula cha usiku binti yetu alileta boksi la viatu. Ndani yake mlikuwa na kaseti sitini, flashi mbili, na simu ya zamani iliyopasuka kioo. Zote zilibeba sauti ya marehemu babake: maulidi aliyoyasoma, kasida alizozighani, darsa zake za Ramadhani. Kando yake palikuwa na CD kama mia moja na hamsini alizozikusanya mzee, nyingi zikiwa za tarabu, akiwamo Zein l'Abdin na udi wake. (Khitilafu ya wanazuoni juu ya ala hatuiingii leo. Mzee alikuwa na rai yake, nasi yetu, na tuliishi kwa masikizano miaka mingi.)

"Maalim," akatuambia, "mume wangu na mwanangu wataka kununua kile kisanduku cha diski kinachounganishwa na ruta. Ndugu zangu wa Mombasa wasema hiyo ni israfu, tuzitie kwenye simu yatosha. Nami nachelea kaseti zitaoza kabla hawajakubaliana."

Swali hilo lilitugusa mahali penye kidonda. Chuoni kwetu tulikuwa na kompyuta moja, ndani yake rekodi za maulidi ya miaka kumi na miwili. Tukajiona tumehifadhi. Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi mara tatu, na asubuhi diski ikawa yatoa mlio, tik, tik, kisha ikanyamaza. Fundi alichukua ujira wake akaturudishia kompyuta nzima na diski tupu. Miongoni mwa waliosikika mle, watatu wamekwishafariki. Nakala ya pili hatukuwa nayo, na kosa lilikuwa letu wenyewe.

Basi tulikaa na kijana, mume na mama, tukalitazama jambo lenyewe.

Kisanduku hicho, ambacho wauzaji hukiita NAS, ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, yenye nafasi ya diski moja, mbili au zaidi. Huunganishwa kwa waya na ruta ya nyumbani, na kila simu, kompyuta au televisheni iliyomo katika Wi-Fi ya nyumba hiyo huweza kusikiliza kilichomo ndani. Wengi hudhani chahitaji bando. La. Sauti hutoka kwenye kisanduku ikaenda kwenye ruta, na kutoka ruta ikaingia simuni, bila kutoka nje ya nyumba. Hata intaneti ikikatika, mama aliye jikoni ataendelea kusikiliza kasida ya babake. Hiyo ndiyo fadhila yake, na si ndogo kwa nyumba yenye simu tano na boksi moja la viatu.

Kijana alikuwa amekwisha kuandika bei ya diski mbili za terabaiti nane kila moja. Tulimwomba kalamu. Sauti iliyonakiliwa kwa ubora wa CD bila kubanwa huchukua megabaiti kumi hivi kwa dakika, kwa hiyo kaseti ya saa moja ni megabaiti mia sita. Ikihifadhiwa kwa FLAC, ambayo hubana bila kupoteza chochote, hushuka hadi karibu nusu. Kaseti zote sitini hazifiki gigabaiti ishirini na tano. Ongeza zile CD, na mkusanyiko wote wa mzee hauijazi hata robo ya terabaiti moja. Kijana alitazama hesabu, akacheka, akakiri kwamba nafasi iliyobaki aliitakia filamu. Mume hakucheka.

MP3 tuliikubali kwa kusikiliza simuni, ila si kwa nakala ya asili. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichotupwa hakirudi. Kwa kaseti ambayo huenda ikachezeka mara moja tu kabla ya utepe kukatika, hatuoni sababu ya kubania megabaiti.

Kisha pana umeme. Kisanduku chenye diski mbili hutumia takriban wati kumi na tano hadi ishirini, yaani chini ya nusu yuniti kwa siku. Hilo halitoboi mfuko. Hatari ni kukatika kwa ghafla wakati diski inaandika, na radi inayopita katika nyaya, na Boito radi ni jirani wa kila siku. Kwa hiyo pamoja na kisanduku sharti inunuliwe betri ya akiba, ya aina inayounganishwa nacho kwa waya wa USB, ili umeme ukikatika kisanduku kipate habari na kijizime kwa utaratibu. Mawingu yakikusanyika, ni salama zaidi kukizima na kuchomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya unaoingia kwenye ruta. Asiye na pesa ya betri asinunue kisanduku.

Hapo mume akatuuliza swali ambalo wengi hulikosea: "Kikiwa na diski mbili, moja ni kioo cha nyenzake. Si ndizo nakala mbili hizo?" Ni kweli kwamba diski moja ikifa, ya pili hubaki na kazi huendelea. Lakini mtoto akifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Radi ikipiga, hupiga zote. Mwizi akiingia, hachukui moja akaacha nyingine. Wengine hufungua kisanduku kwa intaneti ili wakisikilize wakiwa safarini, na mwaka 2022 wahalifu waliotumia programu iitwayo DeadBolt walifunga mafaili ya watu wengi wenye visanduku vya QNAP vilivyokuwa wazi namna hiyo, wakadai fidia. Kisanduku chenye diski mbili, kwa hisabu yetu, ni nakala moja.

Na nchi ile ile ya Wakipsigis ina kisa chake katika mlango huu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodi, alinasa huko wasichana wakiimba "Chemirocha", jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Rekodi hiyo iliishia Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ikatunzwa vyema pamoja na kumbukumbu za waimbaji na mahali. Ulimwengu ukaisikia. Kapkatet, mji usio mbali na Boito, walirudishiwa nakala zaidi ya miaka sitini baadaye. Wimbo ulisalimika kwa kuwa nakala ilikuwa mbali, na wenyewe wakaukosa kwa kuwa haikuwapo nyumbani. Binti yetu alikisikiliza kisa hiki kimya, kisha akasema, "Basi ndugu zangu wa Mombasa nao ni Kapkatet."

Neno hilo ndilo lililoufungua mjadala. Kaseti zile hazikuwa zake peke yake. Mzee aliacha warithi, na boksi lilifika Boito kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa naye siku za mwisho. Mkononi mwake ni amana. Ndugu waliomwita mwenye israfu hawakuwa na nongwa ya kisanduku. Walikuwa na uchungu wa kutoisikia sauti ya baba yao. Akiwapelekea kila mmoja nakala, atakuwa amewapa haki yao, na papo hapo amepata ile nakala ya mbali ambayo hakuna radi ya Bomet itakayoifikia.

Rai yetu ikawa hivi. Kwanza zinunuliwe diski mbili za nje za terabaiti moja moja, moja ikae Boito kabatini, imechomolewa, ya pili iende kwa dada mkubwa Mombasa. Kisanduku kije baadaye, kikiwa na diski ndogo zilizotengenezwa kwa kukesha, na betri yake, kiwe cha kusikilizia. Tena kila faili liandikwe msomaji, mahali na mwaka, kwani tulizikuta kaseti nne ambazo hata binti hakujua ni msikiti gani.

Kunakili kaseti hakuna njia ya mkato: ya saa moja hunakiliwa kwa saa moja. Katika siku tulizokaa tulimaliza kumi na moja, huku mvua ikipiga bati na kijana akiwa tayari kuchomoa waya. Katika ya saba mzee alikatiza kasida, akakohoa, akamwambia mtu alete maji. Kijana alitaka kukikata kipande hicho, mamake akamshika mkono.

Diski ya pili tuliibeba wenyewe mkobani hadi Mombasa, na Jumatano tumeikabidhi kwa dada mtu. Kaseti arubaini na tisa zimebaki.