Mbwa wa Ulinzi: Uliza Wazazi Kwanza

Dini inaturuhusu kufuga mbwa wa ulinzi, na German Shepherd si mgeni tena kwenye mageti ya Nyali na Bamburi. Tatizo ni wafugaji wanaopandisha mbwa yeyote, mradi watoto wauzike. Ugonjwa wa nyonga hurithiwa. Mbwa huweza kuchechemea angali mdogo. Woga pia hurithiwa kwa kiasi, na mbwa mwoga ni mwepesi wa kumng'ata mtoto wa jirani.

Ujerumani, chama cha mbwa hawa kilichoundwa 1899 hudai eksirei ya nyonga na mtihani wa tabia kabla ya kupandisha. Nawe mnunuzi dai eksirei za wazazi, umtazame mama mtu anavyopokea wageni. Muuzaji akikwepa, ondoka. Kiumbe huyu naye ni amana.