Wasikiza Nini Wiki Hii?

Ukipita Majengo, Pumwani, Jumamosi baada ya sala ya isha, utawakuta watu sita au saba wamekaa mkekani nje ya nyumba moja ya zamani, birika la kahawa kati yao, na redio kaseti iliyofungwa kwa mpira. Hawazungumzi siasa. Swali la baraza hiyo ni moja tu: "Wewe wasikiza nini wiki hii?" Na kila mmoja hana budi kuleta alichonacho, kiwe ni kanda au ni simu ya mkononi, kisha anyamaze wenziwe wasikize.

Mimi ni mmoja wao, na leo nawaomba wasomaji ruhusa nitoe dukuduku langu.

Fundi cherehani wetu, mtu wa Lamu aliyefika mji huu angali kijana, alileta kanda ya Zein l'Abdin. Udi, sauti, na mashairi ya kwao; hapana makeke. Mzee mmoja wa Mvita akamjibu kwa Juma Bhalo, na ubishi ukaanza mpaka kahawa ikapoa. Ipi ndiyo taarabu hasa, ya huyu aliyeshika njia ya Waarabu au ya yule aliyechota kwenye nyimbo za Kihindi? Wote wawili wametangulia mbele ya haki, Bhalo mwaka 2014 na Zein mwaka 2016, wala hawawezi kutuamulia. Mimi ni wa Zein na sioni haya kusema hivyo.

Zamu yangu nilileta "Enta Omri" ya Umm Kulthum, ya mwaka 1964, muziki wake ukiwa wa Mohammed Abdel Wahab. Wimbo mmoja tu, karibu saa nzima. Wazee walikumbuka jinsi walivyokuwa wakiitafuta Cairo kwenye redio kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. (Yuko mwenzetu mmoja ambaye ala zikianza huaga akaenda zake. Twamheshimu. Wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hili, nami si mufti.)

Basi Jumamosi moja akaja kijana wa jirani, mkoba wa fidla begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, wewe wasikiza nini?"

"Beethoven, babu. Simfoni ya tisa."

Watu wakacheka. Mmoja akasema huo ni muziki wa kanisani, mwingine akasema ni wa Wazungu wa Muthaiga. Ni kweli kijana huyu hufunzwa na Ghetto Classics kule Korogocho, na mazoezi yao hufanyika kwenye uwanja wa parokia ya St John's. Lakini uwanja ni uwanja tu. Simfoni hiyo haikutungwa kwa ajili ya ibada. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824 mbele ya watu waliokata tikiti, naye mwenyewe alikuwa kiziwi. Na katika sehemu yake ya mwisho mna mwendo wa matoazi na ngoma kubwa ulioigwa kwa bendi za askari wa Kituruki, za dola ya Waislamu.

Hata hiyo fidla tunayoiita ya Kizungu, je, Ikhwani Safaa wa Unguja, walioanza mwaka 1905, hawakuipokea? Na udi wetu je, haukuvuka kwenda Ulaya ukawa chombo chao? Wataalamu wa muziki wa Kiarabu walipokutana Cairo mwaka 1932, Béla Bartók alitoka Hungary akaja kukaa na kusikiliza. Ikiwa mtu wa daraja yake aliweza kutusikiliza sisi, nasi twashindwa nini na simu ya kijana mmoja?

Tuliisikiliza. Ilipofika ile ngoma ya Kituruki, fundi cherehani alikuwa akijipigia paja.

Kisha kijana akauliza: "Na hii ya Zein, babu, nani huifundisha hapa?"

Hapakuwa na aliyejibu, na hilo ndilo dukuduku langu. Kando ya jaa la Dandora, kwa juhudi ya Bi Elizabeth Njoroge na wenziwe, mtoto wa maskini amepata mwalimu na chombo. Wanaowabeza mimi simo. Lakini mtoto wa Majengo aliyelelewa na taarabu nyumbani, akitaka udi huambiwa apande basi aende Mombasa, au avuke mpaka Unguja, ambako Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilianza kufundisha mwaka 2002. Sisi wa mitaa hii tulichonacho ni kanda, nazo tumezifungia makabatini. Mwenye kanda haazimi mtu, achelea haitarudi. Joto na vumbi vinazila, na siku ya siku warithi watazitupa pamoja na magazeti.

Nami sisemi kwa usafi. Nilikuwa na kanda ya arusi ya dada yetu, anayepiga udi ni marehemu kaka yangu. Agosti 1987, Kenya ilipocheza fainali na Misri hapa Nairobi katika Michezo ya Afrika, sikuwa na kanda tupu. Nikarekodi matangazo juu ya ile. Tulifungwa moja bila. Kaka yangu hakuacha kanda nyingine.

Kupitisha kanda kwenye kompyuta si kazi ya siku mbili. Vijana wetu wanaiweza. Kinachohitajika ni mwenye kanda akubali, kisha aandike juu ya ganda ni nani mtunzi, ni nani mpigaji, na ni mwaka gani, maana hayo hayamo kwenye sauti.

Fundi cherehani alikataa wiki tatu. Juzi amekubali, kwa sharti kwamba kanda haitoki nyumbani kwake: kijana aje na kompyuta, aketi karibu na cherehani, na asikilize yote mpaka mwisho. Jumamosi ijayo wataanza na upande wa kwanza.